Meja wa Shamba na Askari wa Njiani: Kumsoma Matuko Weye kutoka Nchi ya Chai

Katika riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, mna askari wawili. Mmoja ni Major Noon, mlowezi wa enzi ya ukoloni, ambaye mali yake iliangukia mikononi mwa Mtemi Nasaba Bora baada ya uhuru. Wa pili ni Matuko Weye, mkongwe aliyepigana upande wa Mwingereza katika Vita Vikuu vya Pili, na ambaye watu wa Sokomoko humhesabu kuwa kichaa. Wahakiki humtaja wa kwanza wanapozungumzia dhamira ya ukoloni na ukoloni mamboleo. Wa pili humtaja wanapofika kwenye usawiri wa wahusika, chini ya kichwa kilichozoeleka: mwendawazimu asemaye kweli. Ni nadra wawili hao kukutanishwa katika aya moja. Makala haya yanawakutanisha, na yanafanya hivyo kwa kuisoma riwaya kutoka mahali mahususi, yaani nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambako historia ya vita na historia ya umilikaji wa ardhi haziwezi kutenganishwa.

Usomaji wa namna hii unahitaji utetezi. Sokomoko si Kericho, na Tomoko ni nchi ya kubuni. Anayetafuta shina la mchai katika kila ukurasa atakuwa amekosea kazi ya uhakiki. Lakini riwaya hii ilitahiniwa katika shule za upili za Kenya kuanzia 2013 hadi 2017. Ilisomwa Litein, Sotik, Kapkatet na Bomet na vijana ambao mababu wa baadhi yao walikuwa wanajeshi wa Keya, na ambao kila siku huiona kwa macho ardhi iliyotwaliwa kwa jina la askari. Vijana hao walifunzwa kwamba Matuko Weye ni mbinu. Mtahiniwa aliyeandika kuwa mwandishi amemtumia mhusika mwendawazimu ili kusema yale ambayo wenye akili timamu wanaogopa kuyasema alipata alama zake, akafunga kitabu. Jibu hilo si kosa. Upungufu wake ni kuwa linamfuta askari na kumbakiza kichaa.

Cheo na hati ya shamba

Msomaji wa kawaida hulichukua neno "Major" katika jina la Noon kama pambo la uzungu, sawa na kofia na kiko. Katika nyanda za juu za Kenya cheo hicho kilikuwa zaidi ya pambo, kwa kuwa kiliweza kuwa njia ya kupatia shamba.

Nchi ya Wakipsigis ilikwisha kuonja vita vya Mwingereza kabla ya 1914. Mwaka 1905 kikosi cha adhabu kilipelekwa dhidi ya Wasotik, tawi la Wakipsigis, kwa kisa cha ng'ombe na mateka waliochukuliwa kwa Wamaasai. Watu wengi waliuawa na mifugo ikaswagwa kwa maelfu. Oktoba mwaka huo huo, upande wa Nandi, Koitalel arap Samoei aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa kwa ajili ya amani, tendo lililozua ubishi hata ndani ya jeshi lenyewe, hata muuaji akachunguzwa na wakubwa wake na hatimaye kuondolewa nchini. Hapo ndipo palipowekwa msingi wa yote yaliyofuata: vita ambavyo upande mmoja uliviita utulizaji, na upande wa pili haujaacha kuvihesabu kuwa mauaji.

Kisha vikaja vita vya 1914. Mwezi Septemba mwaka huo Wajerumani waliingia Kisii, kwa majirani wa Wasotik, na kwa muda mfupi mapigano yakawa karibu na mlango. Baada ya hapo vita vilisogea kusini, vikaenda mbali na vikala watu wengi, hasa wapagazi. Majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yamehifadhi kumbukumbu ya kikosi hicho cha wapagazi kuliko makaburi yalivyoihifadhi. Wanandi na Wakipsigis waliandikishwa katika Keya kwa dhana ya kikoloni kwamba wao ni makabila ya kivita, dhana iliyozaliwa katika vita vile vile vya 1905 walivyopigwa. Aliyepigwa jana akasifiwa kwa ushujaa wake leo ili akapigane kwa niaba ya aliyempiga.

Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilikuwa na deni kwa askari wake, na ilichagua ni askari gani wa kulipwa. Mpango wa makazi ya askari wa 1919 uligawa zaidi ya ekari milioni 2 za nyanda za juu kwa maveterani wa asili ya Ulaya. Kura zilipigwa katika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi, majina yakachomolewa, na mtu akatoka mlangoni akiwa na shamba ambalo hajapata kuliona. Mwafrika aliyebeba bunduki hakuwa na kura humo, wala mpagazi, wala Mhindi. Sehemu ya hifadhi ya Wanandi yenye ukubwa wa takriban maili mraba 100 ilimegwa kwa ajili ya mpango huo. Malalamiko yaliyofuata yalichangia mwaka 1923 kukamatwa kwa Barsirian arap Manyei, aliyekaa kizuizini hadi 1964.

Katika Kericho mpango huo ulichukua sura ya pekee. Ekari 25,000 zilipewa koloni la maofisa waliolemazwa vitani, lililojulikana kwa ufupisho wa BEADOC. Hapa inafaa uhakiki upunguze mwendo, kwa maana wahusika hawa hawaingii kwa urahisi katika sanamu ya mlowezi iliyozoeleka katika fasihi yetu. Walikuwa vilema wa vita, watu waliorudi na viungo pungufu, ambao kwao pia vita havikuisha siku ya kusimamishwa mapigano. Nchi yao iliwadai mwili, kisha ikawalipa kwa mali ya mtu mwingine. Wakapanda kitani. Bei ya kitani ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1920, koloni likafilisika, na maofisa wakatawanyika.

Jambo lenye uzito kwa msomaji wa Kidagaa Kimemwozea ni lile lililotokea baada ya hapo. Sababu iliyotolewa ya kuwanyima Wakipsigis ardhi ile ilikuwa ni haki ya askari majeruhi. Askari majeruhi alipoondoka, sababu iliondoka naye. Ardhi haikurudi. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikwisha kuingia Kericho, na mchai ukapandwa palipokuwa na kitani. Kwa maneno mengine, askari alikuwa daraja. Alitumiwa kuivusha ardhi kutoka kwa wenyewe hadi kwa kampuni, na alipomaliza kazi hiyo, kwa kushinda au kwa kushindwa, hakuhitajika tena. Umbo hilo la tukio ndilo umbo la kisa cha Major Noon na Mtemi Nasaba Bora. Mzungu anaondoka, sababu ya unyakuzi inaondoka, na ardhi haiwarudii waliopokonywa, bali inapata bwana mpya mwenye lugha mpya ya kuihalalishia. Wahakiki wameliona hili katika Mtemi na kuliita ukoloni mamboleo. Waliloliacha ni kuwa asili yake imo katika cheo cha Meja, na kwamba mrithi wa askari katika Kericho alikuwa kampuni miaka arubaini kabla ya Mtemi yeyote kuzaliwa katika riwaya.

Kumbukumbu iliyoandikwa kwa Kiswahili

Nairobi, katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, yamesimama masanamu matatu ya shaba ya askari na mpagazi, yaliyozinduliwa mwaka 1928. Maandishi yake yako katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili; maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Maandishi hayo yanastahili kusomwa kama fasihi, kwa kuwa ni miongoni mwa matini za mwanzo za hadharani zilizoandikwa kwa Kiswahili juu ya askari wa Kiafrika kama mtu anayestahili kukumbukwa. Yanawataja wapagazi kama miguu na mikono ya jeshi, na yanatoa ahadi kwamba mtu akifa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake.

Kejeli ya matini hiyo haikukusudiwa, nayo ni kali zaidi kwa sababu hiyo. Jina linaahidiwa kukumbukwa juu ya jiwe ambalo halina jina hata moja. Na si hapo tu. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na yumkini hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Aidha, maneno ya kuwa mtu aliipigania nchi yake yanamlazimu msomaji wa Kericho aulize ni nchi ipi. Mwaka jiwe lile lilipowekwa, nchi yake ilikuwa na uzio na chipukizi za chai.

Mashairi na riwaya za Kiswahili hazikujibu swali hilo kwa haraka. Utanzu wetu wa vita ni utenzi, na utenzi, kwa desturi, hufuata mapigano hadi mwisho wake na hapo hukunja jamvi. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, wenye takriban beti 3,000, unafuata vita vya 1939 hadi 1945 kwa pumzi ndefu ya kustaajabisha, na msimamo wake uko katika jina lenyewe: kwa mshairi, hivyo vilikuwa vita vya uhuru. Utenzi wa Henry Muhanika juu ya vita vya Kagera, uliochapishwa mwaka 1981, unataja katika anwani yake pahali unapokomea, yaani anguko la Idi Amin. Huo si upungufu wa watunzi hao, kwani mtu halaumiwi kwa kufuata kanuni za utanzu wake. Lakini matokeo yake ni kwamba askari wa utenzi hana miaka ya baadaye. Hatumwoni akirudi nyumbani, akivua viatu, akitazama shamba. Kazi hiyo ilibaki kwa riwaya, na riwaya ya Kiswahili ilipoifikia, ilivutwa zaidi na vita vya Mau Mau, kama ilivyo katika Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi ya mwaka 1969. Askari wa Keya alibaki pembeni, pengine kwa sababu ni vigumu kumfanya shujaa mtu aliyemsaidia bwana wake kushinda.

Aliyemkabili mapema zaidi ni Ngugi wa Thiong'o, na alifanya hivyo kwa Kiingereza. Katika Weep Not, Child ya 1964, Howlands ni mkongwe wa Vita vya Kwanza aliyekimbilia Kenya, na Ngotho, kibarua wake, naye alichukuliwa ujanani kuvitumikia vita hivyo hivyo. Shamba analolimiliki wa kwanza ndilo la mababu wa wa pili. Boro, mwana wa Ngotho, anarudi kutoka vita vya pili bila kazi, bila ndugu yake na bila ardhi. Ngugi aliwaweka askari wote katika shamba moja, na uzito wote wa riwaya unatokana na mpango huo. Ukiilinganisha na Kidagaa Kimemwozea, tofauti inadhihirika. Walibora anawajua askari hao hao, mwenye shamba na asiye na shamba, lakini anawatenga. Meja yuko katika historia ya mali ya Mtemi. Matuko yuko njiani. Wa kwanza hasemi neno kwa wa pili.

Je, utengano huo ni udhaifu wa utunzi? Hapa hukumu inahitaji uangalifu. Kwa mtazamo mmoja, ndiyo. Msomaji hapewi sura nzima ya maisha ya Matuko vitani, hapewi shamba ambalo angelidai, wala hapewi watu wa nyumba yake ili awapime kwa jinsi wanavyomwona. Jina lake lenyewe linachekesha kabla hajafungua kinywa: matuko ni vioja, na "weye" ni kama kidole kinachomnyooshea msikilizaji. Mwandishi amempa usemi akamnyima historia. Kwa mtazamo wa pili, ambao makala haya yanaupendelea, utengano huo ni uaminifu kwa hali ilivyo. Katika Kericho askari hao wawili hawakukutana pia. Aliyerudi kutoka Burma mwaka 1945 hakumkuta Meja shambani wa kumkasirikia. Alikuta kampuni, ambayo haina uso wala mguu uliokatika, na ambayo haikupigana vita vyovyote. Boro anaweza kumlenga Howlands. Matuko Weye hana wa kumlenga, na ndiyo maana maneno yake yanatawanyika kwa kila mtu.

Wazimu kama ushahidi

Takriban Wakenya 98,000 walitumikia katika vita vya 1939 hadi 1945. Wengi walifika Burma na kivita cha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, katika bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye mvua na malaria. Walilipwa kwa rangi. Mwaka 2019 zilitangazwa hadharani hati zilizoonyesha kwamba kiinua mgongo cha mwisho wa vita kilikadiriwa kwa asili ya mtu, na kwamba Mzungu alipata hadi mara tatu ya alichopata Mwafrika wa daraja lile lile. Baada ya 1945 ulianzishwa mpango mwingine wa kuwapa mashamba askari wa Ulaya, na kwa mara ya pili askari wa Kiafrika hakuwamo. Mkipsigis aliyerudi alikuta pia kwamba zao alilolizunguka pande zote hakuruhusiwa kulipanda: wakulima wadogo wa Kiafrika hawakufunguliwa mlango wa chai hadi miaka ya 1950. Angeweza kuichuma kwa ujira katika shamba la kampuni, chini ya nyapara, akilala katika laini. Hakuweza kuwa na mche wake.

Maadamu hali ni hiyo, wazimu wa Matuko Weye unaweza kusomwa upya. Uhakiki umeuchukulia kama leseni ya kisanaa, hila ya mwandishi ya kupitisha ukweli mbele ya Mtemi. Usomaji huo unaufanya wazimu uwe kifuniko, na ukweli uwe kitu kilicho chini yake. Lakini kwa mtu wa historia hii wazimu ni sehemu ya ukweli wenyewe. Mtu aliyeambiwa anapigania uhuru wa dunia, kisha akarudi kuwa mtu asiye na ruhusa ya kupanda mche wa chai katika nchi ya baba yake, hana haja ya kubuniwa kichaa. Inatosha aendelee kuamini vile alivyoambiwa vitani, na jamii itamwona kichaa. Matuko anasema kama mtu ambaye ahadi ilitolewa kwake na bado anaidai. Wenye akili timamu katika Sokomoko ni wale waliokwisha kusamehe deni, au waliolinunua.

Upo ushahidi mwingine wa jambo hili katika nchi ya chai, nao hautokani na askari bali na wasemaji. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa orkoiik wa Wakipsigis, yaani viongozi wa kidini waliohofiwa kuwa chanzo cha ukaidi. Watu wapatao 700 walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali pa joto na mbung'o, na hawakuruhusiwa kurudi hadi uhuru ulipokaribia. Inafaa kuona kwamba sheria hiyo iliwaita "laibon", neno la Kimaasai, si la Kikipsigis, kama vile Wakipsigis wenyewe walivyoandikwa "Lumbwa" katika ramani kwa jina walilopewa na wengine. Serikali haikuwafunga kwa tendo lililothibitishwa, bali kwa sababu watu waliwasikiliza. Matuko Weye anakamatwa katika sherehe ya taifa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hivyo kumwita kichaa na kumtia ndani ni mambo mawili yanayokinzana, maana dola haimfungi kichaa kwa maneno yake isipokuwa inajua kwamba maneno yana maana. Riwaya inaliona hili vizuri zaidi kuliko miongozo iliyoandikwa kuieleza.

Hatari ya dai

Hata hivyo, usomaji unaotia mkazo katika ardhi iliyoporwa haupaswi kufanywa kwa macho yaliyofumbwa. Katika Kericho na Bomet dai la ardhi lina historia ya pili. Mapigano yaliyoanza Oktoba 1991 huko Meteitei, upande wa Nandi, yalienea mwaka uliofuata hadi mipaka ya Kericho. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walifukuzwa tena. Waliofukuzwa hawakuwa kampuni. Walikuwa wachumaji wa chai na wafanyabiashara wadogo waliotoka Nyanza, Gusii, Magharibi na Mlima Kenya, ambao wengi wao wazazi wao waliletwa na uchumi ule ule wa mashamba. Hasira iliyostahili kuelekezwa kwa hati ya 1919 ilielekezwa kwa jirani wa laini ya pili.

Hili linahusu fasihi moja kwa moja, kwa kuwa Walibora mwenyewe aliliandika. Kufa Kuzikana ya 2003 ni riwaya ya uhasama wa kikabila na ya urafiki unaojaribiwa nao, na inafaa isomwe bega kwa bega na Kidagaa Kimemwozea, jambo lisilofanywa mara nyingi. Katika ya kwanza ardhi na asili ya mtu vinageuzwa kuwa silaha ya jirani dhidi ya jirani. Katika ya pili Amani, ambaye jamaa zake waliangamizwa kwa ajili ya ardhi, anarudi na kudai bila kuchoma nyumba ya mtu. Yumkini mwandishi alikuwa akijijibu mwenyewe. Ila katika jibu hilo Matuko Weye hakupata sehemu. Ukombozi wa Sokomoko unapitia kwa kijana msomi, na mkongwe anabaki alipokuwa.

Hapo ndipo makala haya yanapotofautiana na riwaya. Hitimisho la Kidagaa Kimemwozea linaamini kwamba Mtemi akianguka, mambo yatanyooka. Kericho inatoa mfano wa kinyume, kwani mabwana wamebadilika mara kadhaa na umbo la umilikaji limebaki. Kutoka maofisa vilema hadi Brooke Bond, kisha Unilever, kisha wawekezaji wapya wa miaka ya 2020, ardhi imeuzwa na kununuliwa kwa mikataba iliyotiwa saini mbali na Kericho, kila muuzaji akiwa na hati safi kwa sababu aliyemwuzia alikuwa na hati safi. Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko yao kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, iliyotangaza matokeo yake mwaka 2019, kisha kwa wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa, walioiandikia Uingereza mwaka 2021, na mwezi Agosti 2022 wakafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwishoni mwa 2023 alitaja huzuni na majuto makubwa kwa maovu ya ukoloni. Hakuomba msamaha. Mwezi Mei mwaka huo huo, huko Kericho, mashine za kuchumia chai zilizochukua nafasi ya vibarua zilikuwa zimechomwa moto.

Mhakiki atakayeifundisha riwaya hii tena katika nchi hiyo ana swali moja dogo la kuanzia, lisilohusu tamathali wala mbinu. Swali lenyewe linahusu jina. Miongoni mwa Wakipsigis mwanamume aliyekwisha kutahiriwa huitwa kwa baba yake: arap fulani, mwana wa fulani. Jina hilo ndilo lingeandikwa katika orodha ya kikosi, katika hati ya kiinua mgongo, katika dai mbele ya tume. Jiwe la Nairobi liliahidi kwamba wana watalikumbuka. Mkongwe wa Sokomoko anaitwa Matuko Weye na kila mtu, kuanzia Mtemi hadi watoto wa njiani, na ndani ya jina hilo hamna baba.